Nilivyolizika Jarida la Mtani Wangu

Sijasamehe. Nalisema hili mwanzoni ili msomaji mpole, anayetafuta maandishi ya kumfundisha upatanisho, akatafute kwingine mapema. Nimezeeka vizuri. Nina nyumba Madale inayopata upepo pande zote, nina wajukuu wanaonipa shikamoo bila kukumbushwa, na bado kila nikionja karanga za kukaanga nalikumbuka tusi nililotukanwa. Kisha nakumbuka nilivyolilipa, na karanga zinakuwa tamu.

Kwa wasionijua, mimi ni mtoto wa Kizaramo wa Temeke. Baba yangu alikuwa akishona magunia yaliyopasuka bandarini. Hakuna mjomba aliyenishika mkono wala mheshimiwa aliyeniandikia barua. Nilisoma kwa taa ya chemli mpaka nikapata nafasi ya kwenda Ujerumani, ile ya Mashariki, na nikarudi na stashahada ya uchapaji yenye mhuri mkubwa kama kisahani cha chai. Wenzangu niliorudi nao walishuka na redio na makoti ya ngozi ambayo Dar hayavaliki. Mimi nilishuka na mashine ya kupiga chapa. Ilikuwa kuukuu lakini nzima. Nilikuwa nimeifungua skrubu kwa skrubu kwa mikono yangu, nikaifunga kwenye makreti na kuilinda safari nzima.

Ofisa wa forodha aliniuliza, "Hii nini, bwana?"

Nikamwambia, "Hii ni kesho."

Akaandika: vyuma chakavu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Rafu za maduka zilizokuwa tupu zilianza kujaa, mitumba ikamwagwa mpaka milangoni pa misikiti, na kila aliyekuwa na kibanda akajiita mfanyabiashara. Magazeti ya watu binafsi nayo yakaanza kuchipua. Wengine walichapa siasa, wengine mapenzi. Mimi nilitaka kuchapa hadithi fupi za wakati ujao.

Nilikuwa nimeliona jambo hili ughaibuni. Kwenye tramu za asubuhi wafanyakazi wa viwandani walikuwa wakisoma vijarida vyembamba vya hadithi za nyota, za mashine zinazofikiri, za miji iliyo chini ya bahari. Mtu alianza hadithi nyumbani kwake, akaimaliza kwenye geti la kiwanda. Nikajiambia kwamba watu wetu wanasubiri kuliko hawa. Wanasubiri maji bombani, wanasubiri daktari, wanasubiri karani arudi kutoka chai. Kwa nini wasisubiri na kesho mkononi?

Basi nikaifunga mashine kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu ya Temeke, nikaandika, nikapanga, nikachapa. Kulikuwa na hadithi ya mtaa ambao mvua inatolewa kwa mgawo, na mwanamke mmoja anakwenda kuiba wingu. Kulikuwa na ya fundi redio anayenasa sauti za marehemu, mpaka siku mkewe wa kwanza alipoanza kumjibu. Na kulikuwa na ya simu isiyo na waya, ambayo kila mtu anatembea nayo mfukoni, hata muuza mchicha. Hiyo ndiyo waliyoicheka kuliko zote. "Muuza mchicha ampigie nani?" Leo nawaona haohao sokoni, simu imebanwa kati ya sikio na bega huku wanafunga mafungu ya mchicha. Sijaona hata mmoja akija kuniomba radhi.

Kuandika na kuchapa nilikuwa naweza. Kilichonishinda kilikuwa kulifikisha jarida kwa msomaji, na njia ya kwenda kwa msomaji ilikuwa imekaliwa na mtu mmoja.

Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mtanashati, mwenye miwani ya fremu ya dhahabu na ofisi Kinondoni. Jarida lake la mapenzi ndilo lililokuwa likiuzwa kuliko yote mjini. Lilichapwa vibaya, nalisema kama mtaalamu: wino ulibaki vidoleni na picha zilikuwa na macho matatu matatu. Lakini alikuwa na pikapu, na wauza magazeti wote kuanzia Kawe mpaka Mbagala walichukua mzigo mkononi mwake. Karatasi ambayo haikupanda pikapu ile haikufika kwenye mkeka wa muuzaji yeyote. Nikaenda kwake.

Nje ya ofisi yake, chini ya kipande cha bati, kulikuwa na benchi la mbao. Mguu mmoja ulikuwa mfupi, kwa hiyo mtu alikaa huku amejikaza kama anayetaka kukimbia. Kila mwenye shida alisubiri pale. Nilikaa asubuhi, nikakaa mpaka adhana ya adhuhuri, na stashahada yangu ndani ya bahasha mapajani. Namsikia ndani anacheka na watu. Alipotoka hatimaye, alijifanya ndiyo kwanza ananiona.

"Ala! Mtumwa wangu! Wazaramo siku hizi mnasoma? Mie najua mnacheza ngoma tu."

Hapo nikajua ameshauliza kabila langu. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani ana ruhusa ya kusema lolote. Nami nikamjibu inavyopasa.

"Nimekuja kutazama kama mabega yenu yamepona, mtani. Tangu mtue pembe za ndovu hamjapumzika."

Wauza magazeti waliokuwa wakipakia pikapu wakaangua kicheko. Akanishika mkono, akanikaribisha ndani, akalipekua jarida langu kwa ncha za vidole.

"Hadithi za kesho," alisema. "Mtani, watu wa Manzese hawajui jioni watakula nini, wewe unawauzia mwaka ujao?"

"Asiyejua jioni atakula nini ndiye anayeiwaza kesho kuliko wote."

"Hii stashahada yako ni ya kuchapa au ya kuota?" Akacheka mwenyewe, akakisukuma kikombe chake pembeni. "Haya, leta mzigo. Mtani akiomba hanyimwi. Nitakupakilia bure, kwenye pikapu yangu, pamoja na langu."

Nilipaswa kushtuka. Hakuna mfanyabiashara anayembebea mwenzake mzigo bure. Lakini nilikuwa nimekaa nje miaka mingi, na heshima ya utani nilikuwa naiona kama kitu kitakatifu, kama mtu anavyouona ubwabwa wa mama yake akiwa ughaibuni.

Nikapeleka toleo la kwanza, mabunda yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Mwezi ukaisha. Nikakaa kwenye benchi.

"Halikwenda, mtani," akaniambia kwa sauti ya mfiwa. "Watu wanalitazama, wanalirudisha chini. Wanataka mapenzi."

Nikapeleka la pili. Halikwenda. La tatu halikwenda. Karatasi ilikuwa ikinila, wino ukinila. Mke wangu aliuza cherehani yake, akaniwekea pesa juu ya mashine. Nilianza kujiuliza, mimi ambaye sijawahi kujitilia shaka, kama kweli nchi hii haitaki kuijua kesho yake.

Jioni moja nilipita sokoni Tandika nikanunua karanga kwa mama mmoja aliyekuwa akikaangia pembeni mwa barabara. Akazimimina kwenye kikaratasi alichokizungusha kama pembe. Nikatafuna, nikatembea, na zilipobaki chache chini nikakikunjua kikaratasi. Nikasoma: mwanamke akapanda juu ya paa, akalivuta wingu kwa

Hapo palichanwa. Lakini sikuhitaji zaidi. Herufi g ya mashine yangu ilikuwa imevunjika sikio, kile kijimkia cha juu, tangu Ujerumani, na hakuna g nyingine kama ile Tanzania nzima. Nikarudi mbio. Nyuma ya jiko la yule mama palikuwa na mabunda yangu, mengine yamefungwa bado, na kamba yangu ya katani haijaguswa.

"Mama, haya makaratasi umeyapata wapi?"

"Kwa yule bwana wa Kinondoni mwenye pikapu. Anatugawiaga bure sie wauza karanga wote. Eti ni makaratasi ya mtani wake." Akachana ukurasa mwingine kutoka nyuma ya jarida, kwa mkupuo mmoja. "Mazuri haya, mazito. Naanzaga nyuma, la mwisho linachanika bila kubishana."

Mtani wangu hakuwahi kuuza hata nakala moja. Hakuna muuzaji aliyepata kuliweka mkekani. Hakuna msomaji aliyepata kulikataa. Mtu yule aliliogopa jarida langu kiasi cha kulizika kabla halijapumua, na alitumia mdomo wake kuniaminisha kwamba lilikufa lenyewe.

Asubuhi yake nilifika Kinondoni wakati wa kupakia. Sikukaa kwenye benchi. Nikakitupa kile kikaratasi chenye mafuta ya karanga mbele yake, wauza magazeti wote wakitazama.

"Hii nini?"

Akavua miwani, akakisoma, akaivaa tena. Kisha akaachia kicheko, kicheko kipana cha mtu aliyekuwa akikisubiri.

"Mtani! Si nimekusaidia? Ulitaka usomwe, sasa unasomwa na kila mla karanga Dar es Salaam nzima! Hata mie sijafika huko!"

Watu walicheka mpaka mmoja akaketi chini.

"Mwangalieni," akasema, "anavimba! Mzaramo anavimba! Mtani hakasiriki jamani. Au Ujerumani walikutoa utani wakakupa stashahada?"

Wasomaji wangu mnajua jambo hili, lakini nitalisema kwa ajili ya wadogo. Anayekasirikia utani amejivua nguo mwenyewe. Angenipiga kofi ningeweza kumshitaki. Angeniibia ningemwita polisi. Lakini alikuwa ameiua riziki yangu na kuifunika kwa shuka ya utani, na mbele ya mashahidi wale nilibakiwa na jambo moja tu la kufanya. Nikacheka. Nilikilazimisha kicheko kikatoka, nikampa mkono, nikaondoka. Mpaka nafika Temeke taya zilikuwa zinaniuma.

Mtaani wakaniita Bwana Karanga. Watu wazima, watu niliowaletea sabuni za Ulaya.

Mwingine angeiuza mashine kwa uzito wa chuma. Mimi niliendelea kupita Tandika, maana nilitaka kuona makaratasi yangu yakiisha, kama mtu anayekaa na mgonjwa mpaka mwisho. Siku moja yule mama wa karanga akaniita kwa hasira.

"Wewe! Wewe si ndo mwenye haya makaratasi? Kuna mteja ananisumbua hapa kila siku. Anataka kujua yule mwanamke wingu alilipata au hakulipata. Mie nitajuaje? Mwingine kanunua karanga mara mbili ananichagulia karatasi, 'si hiyo, nipe ile ya redio.' Biashara gani hii?"

"Wangapi wanauliza?"

"Weee, wengi! Wanabadilishana wenyewe kwa wenyewe kama wanabadilishana stempu."

Nilisimama pale, moshi wa jiko ukiniingia machoni, na akili niliyoisomea ikafanya kazi yake. Huyu bwana wa Kinondoni alikuwa amenipelekea jarida langu kwa watu ambao pikapu yake isingewafikia kamwe, na walikuwa wakilisoma vipande vipande, na vipande havikuwatosha. Kosa halikuwa kwenye hadithi. Lilikuwa kwenye urefu wake. Watu wale walikuwa na nafasi ya ukurasa mmoja: karanga za kutoka sokoni hadi nyumbani. Nikarudi nikaandika upya. Nikaliacha jarida la kurasa nyingi, nikachapa jarida jembamba kuliko yote yaliyopata kuonekana mjini, karatasi chache zilizokunjwa, na kila ukurasa hadithi nzima, na mwanzo wake na mwisho wake. Ukiuchana, hadithi inatoka nzima. Ughaibuni hawakuwa nalo hilo. Hilo nimelibuni mimi, Temeke.

Lakini mkeka wa muuza magazeti ulikuwa bado mali ya mtani wangu. Nilihitaji nafasi ile. Na zaidi ya nafasi nilihitaji acheke, mbele za watu, taya zimuume.

Mungu hamwachi mja wake. Msimu ule karatasi zake zilikwama bandarini, na jarida la mapenzi halikutoka. Wiki ikapita, na nyingine, na nyingine. Wauzaji walikuwa wanaulizwa na wateja, nao wanajibu hawajui. Nikakaa kitako nikawaza. Ameniua kwa utani. Basi utani una mambo mengine zaidi ya maneno. Utani una msiba.

Nikaenda kwa shangazi yangu Mbagala. Shangazi yule alikuwa bingwa. Kwenye misiba ya watani zake alikuwa akilala kaburini mpaka apewe haki yake, na hakuna mfiwa aliyepata kumwinua kwa bei rahisi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mbona uso umekukauka kama muhogo wa juzi?"

Nikamweleza yote, tangu benchi mpaka karanga. Alinisikiliza huku anapepeta mchele, na nilipofika kwenye "mtani hakasiriki" akauweka ungo chini.

"Kasema hivyo?"

"Mbele za watu."

"Basi kajifunga mwenyewe." Akaanza kutafuta kaniki yake. "Huyo jarida wake amekufa lini?"

"Halijafa, shangazi. Limechelewa tu."

"We mtoto, mie nimekuuliza amekufa lini."

Tulifika Kinondoni asubuhi ya siku ambayo wauzaji wote huja kuuliza habari za mzigo. Shangazi alikuja na wanawake wenzake, wamejifunga kaniki kiunoni, na mimi nimebeba toleo la mwisho la jarida la mapenzi juu ya ungo, limefungwa kwa kitambaa cheupe. Mkeka ukatandikwa getini. Shangazi akaweka mikono kichwani.

"Uuuwi! Kafa na ujana wake! Mtoto wa Kinyamwezi kafa na mapenzi yake hayajaisha! Nani atatuambia yule bibi harusi alikimbia na dereva au hakukimbia? Uuuwi!"

Wenzake wakaitikia. Wapita njia wakasimama. Wapishi wa hoteli ya jirani wakatoka na miko mkononi. Wauza magazeti, ambao walikuwa wamekuja na njaa ya wiki kadhaa, wakakaa kwenye ukingo wa barabara wakicheka machozi. Muda si muda na wengine wakaanza kutoa pole, nusu mzaha nusu kweli, wakinishika mkono mimi niliyekuwa nimekaa kwenye mkeka na uso wa mfiwa.

"Poleni. Aliugua?"

"Wino," nilijibu. "Ulimpanda kichwani."

Mtani wangu akatoka. Nilimwona anausoma umati, ananisoma mimi, na nikaona kabisa mahali ambapo hasira ilimfika shingoni ikakutana na watu wote wale. Yeye mwenyewe alikuwa ametunga sheria.

"Mtani," nikamwambia, "pole sana. Mbona unavimba?"

Akacheka. Lo, kile kicheko! Kilikuwa kikavu kama bati juani. "Wazaramo nyie mna wazimu," akasema. "Haya, mmeshalia, nendeni."

"Hatuendi," shangazi akasema, akajilaza kabisa mbele ya geti. "Watani hatujapewa haki yetu. Maiti haondoki."

Akatia mkono mfukoni akatoa noti. Shangazi akaitazama kama aliyepewa jani kavu.

"Noti peleka kwa wake zako. Sie tunataka urithi wa marehemu."

"Urithi gani tena?"

Nikasimama, nikaenda chini ya lile bati, nikalishika lile benchi. "Hili," nikasema. "Marehemu alinipenda sana. Alikuwa akinikalisha hapa mpaka adhuhuri."

Kicheko kilichotoka kwa wale wauza magazeti kilikuwa kingine kabisa, kwa sababu hakuna hata mmoja wao ambaye hakuwahi kukaa pale. Mtani wangu alitaka jambo liishe. Alitaka geti lifunguliwe, watu watawanyike. Akapunga mkono, akasema kwa sauti ya juu ili aonekane amelichukulia kwa wepesi:

"Chukueni! Chukueni benchi, mkamzike salama!"

Hilo ndilo kosa lake, na alilifanya kwa mdomo wake, mchana kweupe. Mfiwa akishawapa watani haki yao, amekiri kifo. Tuliliweka benchi kwenye mkokoteni, jarida juu ya benchi, tukalisindikiza Kinondoni yote kwa nyimbo, na kila aliyeuliza nani kafa aliambiwa. Kufika jioni habari ilikuwa Kawe, Magomeni, Buguruni. Jarida la mapenzi limekufa. Limeliliwa. Mwenyewe kasema likazikwe.

Kesho yake nilizunguka kwa miguu, mkeka kwa mkeka, na lile jarida langu jembamba. Nafasi ilikuwa wazi. Sikuhitaji pikapu tena, kwa sababu wauzaji walikuja wenyewe Temeke kuchukua, na wauza karanga nao wakalinunua la kufungia.

Karatasi zake zilitoka bandarini. Akachapa. Akapakia pikapu. Na wauzaji, watu wale wale waliomchekea siku ya karanga, wakakwepa macho. Mmoja alinisimulia alivyomjibu: "Mzee, lile si tulishalizika? Nikiliweka mkekani wateja wananiuliza nauza mizimu. Nilete mkosi kwenye biashara?" Akawaambia ulikuwa utani. Wakamwambia ndiyo, lakini mbona ulitoa haki? Alibadilisha jalada, akabadilisha jina, akaweka wasichana wawili badala ya mmoja. Lile jina jipya nalo watu waliliita "mtoto wa marehemu". Kabla ya mvua za masika pikapu ilikuwa imeuzwa.

Wapo wanaoniambia nilikwenda mbali, kwamba nilimwangusha mtu mwenye familia. Nami nilikuwa na familia. Cherehani ya mke wangu ilikuwa na familia.

Miaka iliyofuata ilikuwa yangu. Vijana walinitumia hadithi kutoka Kigamboni mpaka Tegeta, wakati huo Tegeta bado ina minazi mingi kuliko nyumba. Nilikuwa nawaambia jambo moja: usinipe kesho isiyotoshea kwenye pembe ya karanga. Wasomi walikuja wakaniambia jarida la hadithi fupi halina mustakabali, kwamba televisheni imeshaingia, kwamba magazeti ya udaku yatatumeza. Niliwajibu kwamba wanachokiita mustakabali wao kinategemea karatasi. Wangu unategemea mtu anayesubiri, na watu hawataacha kusubiri. Leo vijana wanasoma hadithi za kioo kimoja kwenye simu, kwenye foleni ya benki. Kioo kile ukikipima ni ukubwa wa ukurasa wangu.

Siku moja, katikati ya miaka ile, mlango wa chumba changu cha mashine ukagongwa. Nilimwona kupitia dirishani. Miwani ilikuwa ya plastiki sasa. Nikamwacha. Nikaendelea kupanga herufi, nikanywa chai, nikasoma mara ya pili sahihisho ambalo halikuhitaji kusomwa. Nje, chini ya bati langu, kulikuwa na benchi moja tu la kukalia, na alilifahamu. Alikaa amejikaza, mguu mmoja ukiwa mfupi, mpaka adhana ya adhuhuri.

Nikatoka. "Ala! Mtumwa wangu! Mabega yamepona?"

"Yanapona, mtani," akasema. "Nimekuja na kitu."

Alinipa karatasi zilizoandikwa kwa mkono. Ilikuwa hadithi ya kesho. Yeye, ambaye alisema watu hawaitaki! Nikaisoma nimesimama. Ilihusu mji ambao watu wameacha kufa. Hakuna misiba, na kwa kukosa misiba watani hawana pa kukutana. Taratibu wanasahau utani. Maneno yale yale waliyokuwa wakiambiana kwa kicheko wanaanza kuambiana kwa kweli, mpaka mtani mmoja anakwenda kwa mwenzake na kumwomba afe kidogo tu, siku moja, ili wapate kucheka tena.

Ilikuwa nzuri. Mimi nimesoma hadithi nyingi, na nasema ilikuwa nzuri kuliko yoyote niliyopata kuichapa, zikiwemo nyingi za kwangu. Nikajua pia ananisemesha. Alikuwa amekuja kuomba amani kwa njia ya hadithi, kwa sababu mdomo ulimshinda.

"Inatoshea ukurasa mmoja?" aliniuliza.

"Inatoshea."

"Utaichapa?"

"Mtani akiomba hanyimwi."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Macho yalimlowa. Nikamwambia aje wiki ijayo.

Niliichapa. Sikubadilisha neno. Niliiweka ukurasa wa mwisho, ule ambao mama wa karanga anauchana kwanza. Na chini yake, mahali pa jina la mwandishi, niliacha peupe. Katika jarida langu kila mtu alijua desturi: hadithi isiyo na jina ni ya mwenye jarida.

Wiki ile haijapata kutokea. Watu walikuja Temeke wakiwa na pembe za karanga zilizokunjuliwa, mafuta yameangaza maandishi, wakinitafuta mimi. Alipofika mtani wangu alimkuta mwalimu mmoja mzee amenishika bega, anatokwa machozi.

"Bwana mkubwa, hii ya watani! Umeitoa wapi? Hii si akili ya kawaida."

"Ni elimu tu, mwalimu," nikamwambia. "Nashukuru."

Mtani wangu alisimama pale akikitazama kikaratasi mkononi mwa mwalimu. Aliutafuta ule weupe wa chini kwa macho, akauona. Nikamgeukia taratibu, nikamwonyesha benchi.

"Karibu ukae, mtani. Mbona unavimba?"

Mwalimu akageuka kumtazama. Wauzaji waliokuwa wakisubiri mzigo wakageuka kumtazama. Alikaa. Akaweka mikono magotini, na mbele ya watu wote wale, akacheka.